Wakili wa Muuzaji si Wakili Wako

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde arobaini na tano. Nimesimama katikati ya kiploti huko ndani ndani Msambweni, minazi miwili nyuma yangu, droni inapanda taratibu hadi bahari inaonekana kwa mbali, halafu naingia na ile sauti yangu mnayoijua: "Laki nne na nusu tu, hatimiliki ipo, dakika kumi kutoka ufukweni!" Nililipwa elfu kumi na tano. Video ikatembea, nikapata na wafuasi wapya, nikaona wiki imekuwa nzuri.

Hizo dakika kumi ni za bodaboda asiyejipenda. Lakini hilo ndilo kosa dogo.

Miezi saba baadaye nilisimamishwa na dada mmoja pale stendi ya Ukunda. Anafanya kazi ya usafi kwenye hoteli moja ya Diani. Hakunitukana, na kusema kweli ningeona afadhali angenitukana. Aliniambia hivi: "Kaka, mimi nilinunua kwa sababu yako. Nilisema huyu kijana ni wa hapahapa kwetu, hawezi kutupoteza." Alikuwa ametoa laki tatu tayari, nusu ya chama, nusu mkopo wa sako, iliyobaki alikuwa akilipa kidogo kidogo. Siku aliyokwenda na fundi kuweka ua, akakuta watu wanapalilia mihogo. Si wavamizi. Ni wenye shamba. Hatimiliki ipo kweli, sikudanganya, ila ina jina la babu aliyefariki zamani, na aliyemuuzia ni mjukuu mmoja kati ya wajukuu sijui wangapi.

Nikamuuliza lile swali ambalo sote huliuliza maji yakishamwagika: "Kwani hukuwa na wakili?"

Akanijibu, "Nilikuwa naye. Tulisaini ofisini kwake. Wao ndio walionipeleka."

Sasa ndugu zangu, jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Tangu nizungumzie kisa hiki, inboksi yangu imejaa maswali ya ploti. Mimi sheria sikusoma, chuo chenyewe nilikiacha njiani, kwa hiyo haya si ushauri wa kisheria. Ni maoni yangu baada ya kukaa na wakili mmoja hapa Ukunda saa nzima na kumlipa saa hiyo, na baada ya kusoma sheria zenyewe, ambazo ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Hakuna aliyewahi kutuambia ziko bure. Tunaambiwa tu bando ya TikTok ni shilingi ngapi.

Tuanze na hilo la dada. Wakili aliyemsainisha hakuwa tapeli kwa maana tunayoijua. Alikuwa na ofisi, muhuri, cheti ukutani. Ila alikuwa kazini kwa mtu mwingine. Kazi ya wakili wa muuzaji ni kumlinda muuzaji: pesa ziingie, masharti yasimbane, akishtakiwa awe na pa kushika. Hana sababu ya kuamka asubuhi akajiuliza kama wewe mnunuzi umeangalia ardhi ni ya nani. Kuna mauzo ambayo wakili mmoja anahudumia pande zote mbili, hilo nalo hufanyika waziwazi na watu wakaelewana. Lakini ukiambiwa "usijali, wakili tunaye, wewe njoo na kitambulisho na PIN ya KRA tu," elewa umealikwa kwenye mechi ambayo refa amekuja na basi la timu ya pili.

Naulizwa sana: wakili wa nini, si tukiandikiana kwa chifu na mashahidi inatosha? Haitoshi. Sheria ya Mikataba ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na sahihi ziwe na shahidi. Hadi hapo utasema karatasi ya chifu imepita. Shida ni kwamba mkataba ni ahadi tu. Umiliki hauhami siku ya kulipa, wala siku ya kupiga picha mmeshikana mikono na muuzaji. Unahama siku uhamisho unaposajiliwa masjala ya ardhi, na kwetu masjala hiyo iko Kwale mjini. Nyaraka za kuhamisha ardhi zenyewe, Sheria ya Mawakili, kifungu cha 34, inakataza mtu asiye wakili kukutengenezea kwa malipo. Broka akikwambia "mimi nitakuandalia kila kitu," anakwambia atavunja sheria kwa niaba yako, na bili akuletee wewe.

La pili: sachi naweza kufanya mwenyewe? Unaweza, na ningekuwa wewe ningeifanya kabla hata ya kumtafuta wakili. Unachohitaji kwanza ni namba ya ploti. Namba za kwetu huwa na jina la eneo ndani yake, Kwale/Diani Complex na namba mbele, au Kwale/Galu Kinondo, au Kwale/Msambweni A. Muuzaji akikupa location ya ramani lakini namba anazunguka zunguka nayo, nunua madafu urudi nyumbani. Sachi itakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama imewekwa rehani benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Yule dada hajawahi kuiona. Alionyeshwa picha ya hatimiliki kwenye simu, tena upande wenye jina umefunikwa na kidole gumba.

Ila hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hata mimi nilidhani sachi ikiwa safi basi mchezo umeisha.

Kuna kesi ya hapa hapa Pwani, Mahakama ya Upeo iliiamua Aprili 2023. Kampuni inaitwa Dina Management, ilikuwa na ploti Nyali, kando ya bahari. Ilikuwa imenunua kwa kampuni nyingine, ikapewa hatimiliki, ikajenga ukuta. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Mombasa ikauangusha ukuta kufungua njia ya kwenda ufukweni. Kesi ikapanda hadi juu. Ikaonekana ardhi ile ilikuwa nafasi ya wazi ya umma, na ndiyo iliyogawiwa mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa rais, kisha ikauzwa, ikauzwa tena. Majaji wakasema ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, kwa hiyo hatimiliki iliyozaliwa humo haina ulinzi, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa pesa zake halali. Katiba yenyewe, ibara ya 40, inasema haki ya mali haifiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kwa lugha ya mtaani: huulizi tu "sasa hivi ni ya nani?" Unauliza ilitoka wapi. Unarudi nyuma mwenye mali kwa mwenye mali, kwenye ile rekodi ya masjala inayoitwa kadi ya kijani, hadi yule wa kwanza kabisa. Unaenda na sevea uone bikoni ziko pale ramani inaposema ziko. Unauliza majirani. Kama ni karibu na bahari, au barabara, au msitu wa kaya, unauliza mara mbili. Hiyo ndiyo kazi unayomlipia wakili wako, si kupiga muhuri. Wahenga wa pwani walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la ardhi ya Kwale lina kurasa nyingi.

Kwa nini kwetu ni nyingi hivyo? Kwa sababu ardhi ya huku ina historia yake, na mabroka wanaokuja na tai kutoka mbali hawaitaji, au hawaijui. Mwambao huu, ile maili kumi ya Sultani wa Zanzibar, uliwekewa sheria ya hati za ardhi na Waingereza mwaka 1908. Aliyejua kudai alipata karatasi. Wengi wa wazee wetu wa Kimijikenda hawakupata, ingawa makaburi yao yako hapo. Ndiyo sababu Pwani unaweza kukuta jambo ambalo mtu wa bara halielewi kabisa: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki nyumba, kuta na bati, lakini chini ni kwa mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Ukiambiwa "nauza nyumba," swali lako la kwanza liwe, na chini yake?

Halafu kuna mashamba yaliyopimwa baadaye na kusajiliwa, ambapo familia nzima ya watu ishirini iliandikwa kwa jina moja, la mzee. Sisi Wadigo tuna jambo jingine juu ya hilo. Zamani mali kwetu ilifuata upande wa mama, mjomba kwa mpwa. Ukaja Uislamu na hesabu yake ya mirathi, watoto na mke na wazazi. Ikaja sheria ya serikali. Katika familia nyingi hadi leo hizi tatu zinakaa kwenye mkeka mmoja, na kila mtu ananukuu ile inayompa fungu kubwa. Mjukuu akiuza kimyakimya, kichwani mwake huenda hadanganyi. Anaamini kile kipande ni chake kwa sababu bibi alimwonyesha kwa kidole kutoka barazani.

Sheria ya Urithi haiangalii kidole cha bibi. Ardhi ya marehemu haiuziki mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na hati hiyo ithibitishwe. Kwa familia ya Kiislamu suala la nani apate fungu gani linaweza kwenda mahakama ya Kadhi. Kuiuza kabla ya hapo ni kosa la jinai, si "makosa ya kifamilia" kama mjukuu wetu alivyomwambia dada. Mimi naona kwa Kwale hili ndilo swali la kwanza kabisa, kabla ya bei: aliyeandikwa kwenye hati yuko hai? Kama yuko hai, aje mwenyewe. Kama amefariki, nionyeshwe karatasi ya mahakama. Kama ana mke au mume, na hapo ndipo wanapoishi, ridhaa yake iwe kwa maandishi. Nikisema hivi kwenye laivu kuna kijana huniandikia kwamba nawatisha watu. Ndiyo, ndiyo nia yangu.

Ikiwa ardhi ni ya kilimo, na ploti nyingi tunazouziana huku ni shamba la mihogo lililokatwakatwa, kuna kituo kingine ambacho mabroka hukiruka: Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Maombi ya idhini yanapelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, mkataba umekufa, hauna nguvu yoyote. Afueni ni kwamba sheria hiyo hiyo inakuruhusu kudai pesa ulizolipa kama deni. Dada hakuwa amesikia jina la hiyo bodi hata siku moja. Mkataba wake ulikuwa wa kurasa sita, Kiingereza kitupu, na bodi imo, kwenye ukurasa wa nne.

Na hapa mawakili nao nawagusa kidogo, mnisamehe. Mnakaa Ukunda, mnanunua samaki kwa Kiswahili, mnatoa salamu kwa Kidigo, lakini mtu akileta laki tatu zake za maisha mnampa karatasi asiyoweza kuisoma, kisha mnamwonyesha mahali pa kusaini. Kutafsiri kwa mdomo dakika ishirini kungewapunguzia nini? Wewe mnunuzi nawe usione haya. Mwambie, "Wakili, nielezee ibara kwa ibara kwa Kiswahili." Akichukia, umeokoa ada yake.

Ada. Najua ndilo lililowaleta. "Wakili ni ghali, mimi nanunua ploti ya laki nne tu." Ada za mawakili katika mauzo ya ardhi zina viwango vilivyowekwa kisheria, na wakili haruhusiwi kushuka chini ya kiwango ili akupate wewe. Kwa hiyo yule anayekwambia "elfu mbili tu nakumalizia" ana tatizo tayari kabla hamjaanza. Mbali na ada kuna ushuru wa stempu ambao mnunuzi ndiye hulipa: asilimia 2 ya thamani kama ardhi ni ya mashambani, asilimia 4 kama iko mjini. Kwa ploti ya laki nne na nusu, hiyo ni elfu tisa au elfu kumi na nane, kulingana na iko wapi. Muuzaji naye ana kodi yake ya faida, asilimia 15 tangu Januari 2023, na hiyo usikubali wakusukumie wewe. Jumlisha ada, ushuru, sachi, sevea, utaona ploti ya laki nne na nusu haikuwa ya laki nne na nusu. Kama hesabu hiyo inakushinda, basi bado hujafika kununua, na si aibu. Mimi mwenyewe sijafika.

Kuhusu kulipa. Kawaida ya mauzo ya ardhi Kenya ni kutoa asilimia 10 wakati wa kusaini, na kumaliza ndani ya takriban siku tisini, nyaraka zote zikiwa tayari. Hiyo asilimia 10 inaweza kushikwa na wakili kwenye akaunti ya wateja badala ya kuingia mfukoni mwa muuzaji siku hiyo hiyo. Linganisha na mtindo wetu: M-Pesa kwa namba ya broka, screenshot kwenye grupu, emoji za pongezi. Theluthi mbili za pesa zimeenda na hakuna fomu hata moja ya uhamisho iliyosainiwa.

Utajuaje kama wakili ni wakili kweli? Chama cha Mawakili wa Kenya kina sehemu mtandaoni ya kutafuta jina, ukaona kama ana leseni ya mwaka huu. Maana leseni ni ya kila mwaka, kile cheti ukutani kinaweza kuwa cha enzi zile. Inachukua chini ya dakika, tunatumia muda mrefu zaidi kuchagua filta. Akikukosea, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, chini ya Mwanasheria Mkuu.

Watu hupenda kusema mambo ya wakili ni ya wazungu. Mimi nimekulia Diani, nimewaona hao wazungu. Mzee wa Kijerumani anashuka na kaptula, kabla hajapaka mafuta ya jua ana wakili. Tena yeye Katiba, ibara ya 65, haimpi zaidi ya kukodi kwa miaka isiyozidi 99. Sisi ambao tunaweza kumiliki moja kwa moja, tukaachia watoto na wajukuu, ndio tunanunua kwa video ya sekunde arobaini na tano. Vijana wenzangu mnaochanga fleti za Airbnb hapo Diani, nanyi msitembee haraka: chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, fleti inaweza kuwa na hati yake yenyewe. Kama jengo bado ni mchoro, muulize wakili wako, wako, hati hiyo itatoka lini na ardhi ya chini iko kwa jina la nani.

Nirudi kwangu. Kuna wenzangu kwenye hii kazi wananiambia sisi ni tangazo tu, kama redio, mtu akinunua ni juu yake. Nilikuwa nasema hivyo pia. Lakini redio hainunuliwi kwa sababu ni "kijana wa hapahapa." Kile wanachotulipia ni uso wetu na lafudhi yetu, kwamba mama wa Mwabungo akiniona ataniamini kuliko bango. Ukiuza uaminifu wa majirani zako kwa elfu kumi na tano, usijifiche nyuma ya neno tangazo. Mimi sasa sitangazi ploti bila namba, sachi ya mwezi huo, na jina la kwenye sachi lilingane na kitambulisho cha anayenilipa. Tangu niweke sharti hilo nimepigiwa na wauzaji watano. Mmoja ndiye aliyerudi.

Dada ana wakili wake sasa. Zile elfu kumi na tano nilimpa, zikasaidia kwenye ada ya kuanza, si zote. Barua imeandikwa kwa mjukuu, na yule wakili wa kwanza amejibu kwa mistari mitatu kwamba yeye alikuwa akimwakilisha muuzaji. Familia nayo imegawanyika: kuna shangazi mmoja mzee anayesema wamalize mirathi wamkatie dada kipande chake, kwa kuwa hela ameshatoa, na kuna wajomba wanaosema alipwe aondoke. Mjukuu alitumia zile hela kununua pikipiki, na pikipiki ameshaiuza.

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada Kwale mjini, kwa maagizo ya wakili wake, tukachukua sachi. Karatasi moja tu. Jina la babu liko pale juu, limechapwa vizuri, halina hata herufi iliyofutika. Dada akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya mkoba, tukapanda matatu ya Ukunda. Kikao cha familia ni Jumamosi baada ya Idd.